Bangili Iliyomkimbizia Tukinem Wateja

Miaka ishirini na mmoja Tukinem alibeba mgongoni chupa zake za jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa, akiwanywesha wanawake wa kijiji kizima manjano, tangawizi na mizizi michungu. Mteja wake bora alikuwa Sarinten. Alimnywesha mpaka akanawiri, ngozi ikang'aa, akaondoka na Wagiran, mume wa Tukinem. Hayo ndiyo malipo ya kazi nzuri.

Mkunga wa zahanati alipomfunga bangili ya kupima mapigo ya moyo, akamwambia asiivue mwezi mzima, Tukinem hakuona ubaya. Ilikuwa nyeupe kama bandeji. Moyo ukienda mbio iliwaka taa nyekundu, ukitulia, kijani.

Wateja ndio walioona ubaya.

"Dada, jamu yako si inatibu kila kitu?" Painah alimuuliza, bakuli mkononi, hanywi. "Sasa hilo dude la wagonjwa la nini?"

"La kupimia tu."

"Wewe mwenyewe huiamini, halafu unataka nife mimi?"

Siku tatu chupa zilirudi nyumbani zimejaa. Jamu ya jana hainyweki, akaimwagia migomba. Migomba ikanawiri kuliko yeye. Aliificha bangili ndani ya mkono wa blauzi, taa ikapenya. Akaizungushia kitambaa cha batiki, akaacha kitundu cha taa. Painah alikiri kwamba sasa inapendeza. Kununua, hakununua.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, alikuwa ameweka mabakuli yake kando ya barabara Wagiran alipopita na pikipiki, Sarinten kamkumbatia kwa nyuma. Bangili ikawaka nyekundu na kupiga kelele.

"Jamani! Kumbe bado anampenda!" Painah akapiga makofi.

"Nimpende? Natamani aangukie mtaroni!"

Kwa hasira Tukinem akajimiminia bakuli la manjano na ukwaju, akalimaliza kwa mkupuo mmoja, akakaa kitako. Bangili ikanyamaza. Ikageuka kijani. Wanawake wakanyoosha shingo.

"Imemtuliza moyo hapo hapo," Painah akanong'ona. "Nimiminie na mimi, dada. Lijae."

Tukinem alijua kwamba pikipiki ilikuwa imeshakata kona. Akamimina. Kabla ya saa mbili chupa zote zilikuwa tupu, na wanawake sita walikwenda kwa mkunga kuomba bangili, mradi iwe na batiki.

Tangu hapo huweka mabakuli yake pale pale, saa moja kasoro. Wagiran akichelewa, huchungulia barabarani akinung'unika:

"Mwanamume gani huyu, hata kuniudhi kwa wakati hawezi."