Mvua Ambayo Haikunyesha Uyole

Nilimwahidi rafiki yangu kwamba, maadamu mimi ni katibu, chuo chake hakitawekwa kando. Tulikuwa tumesomea ualimu pamoja Iringa, tukiishi chumba kimoja pale Kihesa. Baada ya masomo yeye alipelekwa kufundisha katika chuo kidogo upande wa Chimala, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, mimi nikaja Mbeya. Siku niliyochaguliwa katibu wa ligi ya mpira ya vyuo vyetu alinishika mkono, nami nikampa neno langu.

Ligi zilikuwa mbili, yetu na ya Iringa, zote ndogo, na nafasi katika kombe la jimbo ilikuwa moja tu. Tulitaniana bila kuchoka.

"Ligi ya viazi hiyo!" walitupigia kelele tulipokwenda kwao.

"Na yenu ya pombe ya ulanzi," vijana wetu walijibu, "ndiyo maana mashuti yenu yanapepesuka!"

Hata hivyo utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake, kwa kuwa kila upande ulitamani kutambuliwa. Mimi niliamini kwa dhati kwamba ligi yetu ikipata nafasi ile, vijana wa milimani wataheshimiwa kote.

Timu ya rafiki yangu ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Walicheza pekupeku, wakafungwa karibu kila mara. Kiwanja chao kilikuwa mteremko mtupu, kwa hiyo hawakuweza kuwa wenyeji hata siku moja. Ili wasiwe wageni wa mikono mitupu, walikuja na mchele wao kila mchezo. Mpira ukiisha, wali ulipikwa, na wachezaji wa pande zote mbili wakakaa wamechanganyika kwenye sinia moja. Aliyekufunga bao ndiye aliyekusogezea mboga.

Kisha tukaarifiwa kwamba mkaguzi wa elimu angekuja Uyole, kwenye kiwanja chetu, kutazama mchezo wetu mmoja kabla ya kuamua ni ligi ipi itakayopewa nafasi. Kwa ratiba, siku hiyo ilikuwa zamu ya timu ya Chimala. Kamati ikasema haifai mkaguzi aoneshwe watu pekupeku wakifungwa mabao saba. Ichezeshwe timu nyingine. Sikupinga. Niliagizwa kuandika barua, nikaiandika kwa jina la kamati: mchezo umeahirishwa, kiwanja kimejaa maji ya mvua. Nilijua kwamba watu wa bondeni huamini mvua ya kwetu haikatiki.

Siku yenyewe jua liliwaka. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, na mkaguzi ameketi kwenye kiti tulichoazima kanisani, lori lilipoingia. Wakashuka, rafiki yangu mbele, gunia la mchele begani.

"Barua tumeipata," aliniambia akihema. "Lakini tukasema, mvua ikizuia mpira, haizuii kula."

Ndipo alipogeuka kutazama uwanja. Wachezaji walikuwa wakitimua vumbi hadi magotini.

"Mwalimu," mmoja wa vijana wake akauliza, "mafuriko yenyewe ndiyo haya?"

Wenzake wakacheka.

"Nani aliyeiandika barua ile?" rafiki yangu aliniuliza.

"Kamati."

"Najua si wewe, kaka. Wewe ulituahidi."

Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema kweli. Filimbi ikalia, nikajifanya natazama faulo. Nilipogeuka tena, alikuwa ameliweka gunia karibu na mafiga.

"Wapikieni wageni," alisema, akapanda lori pamoja na vijana wake.

Nafasi tuliipata, na tukatolewa katika mchezo wa kwanza. Chuo cha Chimala kilijiondoa katika ligi kwa barua ya mstari mmoja, na chini yake rafiki yangu alikuwa ameandika salamu kwangu. Tangu hapo hakuna aliyeleta mchele. Mpira ulipokwisha, kila timu ilipanda lori lake na njaa yake. Ilinichukua miezi mingi kupata ujasiri wa kumwandikia na kuungama. Barua yangu ilirudi bila kufunguliwa. Alikuwa amehamishwa, na chuoni hawakujua ni wapi.

Wewe usomaye, ukimfahamu mwalimu aliyewahi kuongoza timu ya pekupeku kutoka upande wa Chimala, tafadhali mwambie kwamba barua ya mvua niliiandika mimi.