Msituni Hawaitani kwa Majina

Mimi ni mtu wa Mtambile, kusini mwa kisiwa chetu. Nimekulia kwenye mikarafuu iliyopandwa kwa mistari, kila mti una mwenyewe. Msitu wa Ngezi niliuona nikiwa tayari mwalimu, nimehamishiwa skuli moja ya Micheweni, kaskazini, na papo hapo nikauona kama darasa. Ndivyo nilivyo, hata jiko la mtu naweza kuligeuza darasa.

Kila likizo nilichukua wasichana wanane tukakaa msituni siku tatu. Tulilala chini ya maturubai, tukapika kwa kuni, tukajifunza kushika njia bila kuulizia. Nilitaka wajiamini. Likizo moja, mmoja wao nilimchukua kwa sababu ya sauti yake. Darasani akijibu, hata aliyekaa naye dawati moja hamsikii. Mama yake, mkulima wa mwani, hakuwahi kumruhusu alale nje ya nyumba. Alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, ntoto huyu ni amana. N'takuja mpokea mkononi mwako."

Nikamjibu kwa majivuno kwamba nitamrudishia simba.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, nilimpa kila msichana mti wake wa kukaa peke yake kwa saa moja, asikilize na kuandika anachosikia. Kanuni ilikuwa moja: ukipotewa na njia, kaa ulipo, nitakuita.

Saba walirudi. Nilipofika kwenye mti wa yule wa nane, nilikuta daftari tu.

Nikaita jina lake. Nikaita tena, nikaunganisha na la baba yake kama ninavyoita daftari la mahudhurio. Kimya. Akilini nilimwona mama yake amesimama mbele yangu na mkono wake mtupu. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa, hakuna hata mmoja aliyenisaidia kuita.

"Waoga nyie!" nikawafokea. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Bibi aliyekuwa akitusaidia kupika, mwenyeji wa kijiji cha jirani, alisikia kelele zangu akaja mbio, mwiko bado uko mkononi.

"Wamwita jina, mwalimu?"

"Sasa nimwiteje, bibi?"

"Ntoto wa huku haitiki jina lake nsituni. Kafunzwa tangu mdogo, akwitaye jina humu si ntu."

Akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele mrefu usio na neno ndani yake. Jibu likaja hapo hapo, kali, karibu kabisa. Sauti ile sikuijua.

Tulimkuta chini ya mkindu, magoti kifuani, machozi yamemkauka mashavuni. Alikuwa amesogea kidogo kwenda haja, akapotewa na njia, akakaa alipo kama nilivyomwagiza.

"Nlikusikia, mwalimu," akasema. "Mara zote. Nkaogopa kuwa si weye."

Nililia mbele yao bila kujificha. Mtoto yule alikaa peke yake akisikia jina lake likiitwa kwa sauti ya mtu anayemwamini, na akajizuia. Nami nilikuwa nimekuja kumfundisha ujasiri! Bibi akanipangusa kwa ncha ya kanga yake. "Akili nywele, mwalimu," akanitania, "kila ntu ana zake." Niliwaomba radhi wale saba, mmoja mmoja.

Siku ya kurudi, mama alikuwa akitungoja barabarani. Nikamkabidhi mwanawe mkononi, kama tulivyoahidiana.

"Kakutaabisha?" akaniuliza.

"Mimi ndiye niliyemtaabisha." Nikamweleza yote, hata ya kuita jina.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye.

"Kakwita mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Nawe?"

"Sikwitika."

Mama akamvuta, akambusu kwenye paji la uso, kisha akanirudishia mkono wa mtoto.

"Likizo ijayo nenda naye tena," akasema. "Atakwangalia."