Siku Gego la Hawa Lilipoacha Kuuma

Jino likitobolewa na mashine hutoa harufu ya kitu kinachoungua. Mimi harufu hiyo sikuijua kwa jino, niliijua kwa shavu la dada yangu Hawa. Ndiyo maana mwezi uliopita, nikiwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Garissa, mdomo wazi, ganzi imenijaa mpaka sikioni, machozi yalinitoka nisiweze hata kuyafuta. Daktari, kijana mpole, akadhani naumia. Maskini, akanidunga sindano nyingine ya bure.

Tuliishi Balambala, na Hawa alikuwa msichana mkubwa, mimi bado mdogo wa kusukwa nywele. Ninyi hamkumjua, hasara ni yenu. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa majirani wa mbali, na nikisogea akinisuka, alinifinya sikio. Basi gego lake la chini likaanza kuuma. Weh! Hawa alitembea ameshika shavu kama aliyebeba yai. Chai hataki, maziwa ya ngamia hataki. Nyumba nzima ikapooza.

Ayeyo, bibi yetu mzaa baba, ndiye aliyetibu watu pale kwetu kwa kuwachoma. Alikuwa amechoma wenye mgongo, wenye macho ya manjano, hata ngamia. "Ugonjwa na moto havilali nyumba moja," alipenda kusema, na hakuna aliyembishia, kwani wengi kweli walipona, au walinyamaza. Akapasha msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akasema Bismillahi, akamgusa Hawa hapa, juu ya taya. Mama alinifunika macho. Pua hakuifunika.

Na wallahi, jino likaacha kuuma! Si papo hapo, ni baada ya siku mbili tatu. Hawa aliamka akaomba chai, akainywa ya moto, akaanza kutuigiza tulivyokuwa tukimlilia. Baba akachinja mbuzi kumshukuru Mungu. Majirani wakaja, Ayeyo akakaa katikati akisifiwa, nami nikala figo nzima peke yangu. Sikumbuki siku nyingine tuliyofurahi hivyo.

Haukupita muda, Hawa akavimba chini ya kidevu. Hakuna aliyefikiria jino. Jino si lilikuwa limepona? Wakasema ni kijicho, kwa sababu wageni walimwona akicheka mno. Akasomewa Kurani, akapakwa mafuta. Homa ikapanda, hata mate yakamshinda kumeza. Baba alipopata lori la mbuzi linalokwenda Garissa, Hawa alikuwa akivuta pumzi kwa kelele. Alifia njiani, kichwa mapajani pa mama. Mimi niliachwa nyumbani, na waliporudi niliambiwa amekwenda kupumzika. Nilimkasirikia sana kwa kwenda kupumzika bila mimi.

Sasa, yule kijana wa Garissa alipomaliza kusafisha mizizi ya jino langu, nilimuuliza: mbona liliniliza vile, kisha likanyamaza lenyewe kabla sijaja kwako?

"Neva ilikufa, mama," akasema. "Ikifa, maumivu yanaisha, lakini usaha unaendelea kushuka chini. Wengi hapo ndipo hudhani wamepona."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Miaka yote hiyo niliamini dada yangu aliugua mara mbili: mara ya kwanza akapona, mara ya pili akafa. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja. Siku tuliyochinja mbuzi ndiyo siku ambayo Hawa alipaswa kupandishwa lori. Nililia pale mbele za watu, nikilia kwa ajili ya furaha yetu ya siku ile.

Ayeyo bado yu hai, ingawa macho yameingia ukungu. Nilipofika nyumbani alinipapasa taya, akauliza wamenifanya nini. Nikamwambia wameutoa mshipa wa jino, sasa haliumi tena.

"Kama nilivyomfanyia Hawa," akasema, na uso wake ukatulia. "Mungu alimchukua kwa jambo lingine. Lakini lile jino, mimi nilimponya."

Nilimbusu mkono, ule ule wa msumari.

"Ndiyo, Ayeyo," nikamwambia. "Ulimwondolea maumivu."