Mkwe wangu hawezi kuniambia hapana, na Jumamosi nauza kiwanja

Admin, jina langu lifiche vizuri maana Mwanza nzima wananijua. Walionizidi umri shikamooni, wadogo nimeshawaitikia.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, Msukuma wa Magu, nina studio ya picha na video hapa mjini. Harusi, sendofu, kipaimara, msiba, vyote napiga. Nilianza kazi hii wengi wenu hamjazaliwa. Niliwahi kumpiga picha samaki sangara pale mwaloni, kwenye soko la samaki, mrefu hadi nikampiga mara mbili, kichwa kivyake na mkia kivyake, ndipo nikaunganisha. Shule niliishia la saba, lakini kompyuta ya kwanza kuingia kijijini kwetu niliibeba mimi mgongoni. Mvua ikanyesha, nikavua shati nikaifunika, nikaingia kijijini kifua wazi, watu wakakimbia kunipa pole wakidhani nimebeba mgonjwa. Kwa hiyo msinione mshamba wa teknolojia.

Shida yangu ilianza na diski. Vijana wangu wa kuhariri kila mmoja alikuwa na diski yake ya kuchomeka, anatembea nayo mfukoni kama pipi. Mmoja akaenda nayo kwao, ikaanguka majini wakati anashuka kwenye boti. Ndani kulikuwa na sendofu ya binti mmoja wa Butimba. Mama yake akaja ofisini, akakaa kwenye kiti, hakupiga hata kelele. Akasema, "Baba, picha za binti yangu tutapiga nyingine. Lakini mama yangu alicheza siku ile, na tumemzika juzi. Huko ndiko alikobaki."

Nikaapa kazi zote zitakaa sehemu moja ya maana, zisibebwe tena mfukoni. Nikaletewa njia mbili. Ya kwanza inaitwa NAS. Ni boksi lenye diski kadhaa ndani, unalichomeka kwenye mtandao wa ofisi, kila kompyuta inaliona kama kabati la pamoja. Diski moja ikifa, nyingine zinabeba kazi. Ya pili ni SAN. Hiyo ni mtambo hasa! Diski zina mtandao wao wenyewe, waya zao, swichi zao, na seva inaziona kama ziko tumboni mwake. Muuzaji aliniambia, "Mzee mwenye jina kama lako, akinunua kiboksi watu watasemaje?" Kwa kweli maneno yake yaliniingia. Ila kuupata ule mtambo lazima niuze kiwanja changu cha Buswelu, ambacho mke wangu ameshapanda migomba na kukiita nyumbani.

Sasa msije mkasema sikutafuta ushauri. Mimi nina mtaalamu ndani ya ukoo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu niliyemlea tangu mdogo, ameolewa na Mhaya wa Bukoba, na kazi ya huyo kijana ni seva tu, asubuhi mpaka jioni. Siku ya kujitambulisha niliongea peke yangu mpaka chai ikapoa, yeye anaitikia tu "ndiyo, baba." Nikawaambia ndugu, huyu ana adabu, mpeni binti.

Nikamwita, nikamwekea mezani karatasi za bei za njia zote mbili.

"Mkwe, huu mtambo unauonaje?"

"Ni mzuri, baba."

"Na hiki kiboksi?"

"Nacho ni kizuri, baba."

"Kipi kinanifaa?"

"Utakachochagua, baba."

Nikamgeuzia kibao. "Tuseme ofisi ni yako, ungenunua kipi?"

Akatabasamu, akaangalia chini. "Ofisi ni yako, baba."

Wiki iliyofuata mpwa wangu akanivuta pembeni. "Anko, usiseme nimekwambia. Mwenzangu anasema kwa ofisi kama yako ya seva mbili na vijana wanne, ule mtambo ni kama kununua kivuko ili uvuke mtaro. Na anasema hata hicho kiboksi, lazima nakala nyingine ikae nje ya jengo, maana moto hauchagui diski."

Hilo la nakala hata marehemu baba alilijua bila kompyuta. Ng'ombe hakuwaweka zizi moja, wengine walilelewa kwa rafiki zake vijiji vya mbali. Lakini mbona mimi nasikia habari za ofisi yangu kutokea jikoni kwa mkwe?

Jumapili mkwe akaja na mfuko wa senene, wale panzi wa kuliwa wa kwao Bukoba. Nikamwambia, "Leo usinipe senene, nipe ukweli. Ule mtambo ni mkubwa mno?"

Mke wangu akacheka, "Unamtesa mtoto wa watu. Wewe umeshawahi kumbishia baba yangu?"

Kijana jasho likamtoka. "Baba, wewe umeona mengi kuliko sisi."

Nimechoka! Mnunuzi wa kiwanja anakuja Jumamosi. Maneno ya jikoni siwezi kuyafanyia kazi, maana nitamchongea mpwa wangu kwa mumewe. Na huyo muuzaji anayenijibu haraka ndiye anayenufaika. Nikikosea, kiwanja kimekwenda. Nikichagua kidogo kisitoshe, atakuja mama mwingine akae kwenye kile kiti.

Wataalamu wa seva mliomo humu, na mliowahi kumtoa mkwe neno mdomoni, naombeni njia. Niuze au nisiuze?

Na wewe mkwe, najua unausoma ukurasa huu, mkeo kaniambia, naye usimgombeze kwa hayo ya jikoni. Hapa mimi si baba, ni msomaji tu asiye na jina. Fungua akaunti nyingine, weka picha ya ua, andika "hapana." Sitakuuliza kamwe kama ulikuwa wewe.