Filamu Moja, Mwezi na Nyumba

Sikuwahi kuwa mpiga picha mbaya, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu leo. Kikula nzima, mtaa wetu wa Likasi, mtu aliyetaka picha ya kitambulisho ambayo masikio yake yote mawili yangeonekana alikuja kwangu. Kazi nilifundishwa na baba, na alipofariki aliniachia chumba cha giza na mashine ya kukuzia picha. Ulimi wangu mkali pia nimeurithi kwake.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaanguka. Mishahara ya migodini ilichelewa mpaka watu wakasahau sura yake, na wageni waliokuwa wanaondoka waliuza vitu vyao uani. Kwa mwalimu mmoja wa fizikia nilikuta watu wanagombea friji. Pembeni, hakuna aliyeitazama, ilisimama darubini ya kuangalia nyota. Nilimpa redio yangu, akanipa darubini. Dada yangu hakunisemesha wiki nzima.

Nilitaka kuupiga picha mwezi. Sikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa nimeshapiga maharusi, wachungaji, maiti na watoto wanaolia, nikaona imebaki sura moja tu ambayo haijapita mbele yangu.

Kamera yangu ilikuwa ya aina ambayo lenzi inatoka, lakini mdomo wake haukuingia kwenye darubini. Ilihitajika pete ya kuviunganisha, na pete kama hiyo haikuuzwa popote. Nikaenda kwa jirani yetu, rafiki wa baba, mzee aliyekuwa turneri: alichonga vyuma kwa mashine karakanani maisha yake yote. Alipima mdomo wa kamera, akapima mkia wa darubini, akapima tena.

“Weye uko na kichwa nguvu sawa papa yako,” alisema. “Watu banatafuta bunga ya ugali, weye unatafuta mwezi.”

“Papa, utanitengenezea au hautanitengenezea?”

“Nitatengeneza. Lakini ukipiga mubaya, usiseme ni pete.”

Aliichonga kwa aluminiamu kutoka sufuria iliyotoboka. Iliingia pande zote mbili bila kulegea hata kidogo. Jioni, mwezi nusu ulipokuwa bado juu ya mapaa na watoto wakicheza njiani, tuliisimamisha darubini uani. Tulifunga mfuko wa mawe chini ya miguu yake isitikisike. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mwezi hausimami. Unauweka katikati, unavuta pumzi, na tayari unaelekea ukingoni. La pili ni kwamba kidole kinaharibu: hata kubonyeza kidogo kunatikisa kila kitu. Kwa hiyo nilitumia kile kisaa cha kamera kinachohesabu sekunde kabla ya kujipiga chenyewe, nikaondoa mkono, nikasubiri. Nilipiga nane, kila moja kwa kasi tofauti, maana sikujua ipi ingefaa. Nane! Kwa mteja sikuwa napiga zaidi ya moja. Filamu ilikuwa adimu, na kupiga mara mbili kulikuwa kukiri kwamba hujui kazi.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu baba afariki.

Siku chache baadaye mzee alirudi akiwa amevaa koti, mkewe na watoto nyuma yake. Wakati ule watu ambao wazazi wao walitoka Kasai, mkoa mwingine, walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Mzee alizaliwa Likasi. Kwao ilikuwa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, tofali baada ya tofali, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini alikuwa ameshaambiwa atoke, na hakuambiwa kwa upole.

“Utupige na nyumba,” alisema. “Nyumba yote, mpaka pa paa. Batoto batasahau.”

Niliwapanga mbele ya nyumba, yeye katikati. Nikapiga mara moja, kama kawaida yangu. Ilikuwa picha ya tisa, mara baada ya mwezi wangu. Siku ya pili yake walihamia stesheni, wakalala na mamia ya wengine kwenye mifuko yao, wakisubiri treni ambayo hakuna aliyejua siku yake.

Filamu ya rangi tulikuwa tunaipeleka Lubumbashi kusafishwa. Nilijaza picha zilizobaki haraka na wateja wengine, nikaituma. Iliporudi, nilifungua bahasha nikiwa nimesimama, nikainua vipande kwenye mwanga kimoja kimoja.

Mashine ya Lubumbashi inakata filamu vipande vya picha nne nne, na anayeiongoza hutafuta ukingo wa picha ya kwanza. Picha zangu nane za kwanza zilikuwa mbingu tupu na kipande cha mwezi. Giza la mbingu liliungana na nafasi kati ya picha, ukingo haukuonekana. Alikisia, akakosea kwa nusu picha, akakata. Mkasi wa pili ulipita katikati ya picha ya tisa. Upande mmoja mama na watoto wawili na bega la mzee. Upande wa pili bega jingine, watoto watatu na mlango.

Mpiga picha yeyote wa nyota angeniambia: anza filamu na picha ya mchana, hata ya mbuzi, ili wajue pa kukata. Leo ninawafundisha wengine hivyo, kwa sauti kubwa. Siku ile hapakuwa na wa kuniambia, na mimi nisingemsikiliza.

Nilichukua kamera nikaenda kuipiga nyumba tena, walau nyumba. Mwanamume nisiyemjua alikuwa mlangoni. Alipoona kamera alifunga vifungo vya shati, akasimama wima, akaweka mkono ukutani.

“Unipige na nyumba yangu,” alisema.

Nilimtukana. Sitaki kuyaandika niliyosema, lakini sijayajutia. Nikarudi nyumbani bila kupiga.

Nilijifungia chumba cha giza. Nilivilaza vile vipande viwili kati ya vioo, ukingo kwa ukingo, nikavikuza kwenye karatasi ya nyeusi na nyeupe. Niliharibu karatasi sita. Ya saba ilikubali: familia nzima, nyumba nzima, na mstari mweusi mwembamba kutoka paa hadi chini, ukipita katikati ya mzee. Kisha nikachapa mwezi pia. Mashimo yake yalionekana yote, makali, safi. Ni moja ya picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilipoitazama niliona haya.

Stesheni nilimkuta mzee amekaa juu ya gunia. Nilimpa ya familia kwanza, nikamweleza kosa langu bila kulipunguza. Aliupima ule mstari kwa ukucha.

“Ulipoteza milimita mbili,” alisema.

“Ndiyo, papa.”

“Na mwezi? Ulitoka?”

Nikautoa. Aliuinua kwenye mwanga, akauangalia kwa muda mrefu, akampa mkewe.

“Pete haikukosa,” alimwambia.

Halafu akaigeuza ile ya familia, akaniomba niandike nyuma, kwa sababu mwandiko wake mwenyewe haukuwa mzuri. Niliandika: Likasi, Kikula, mbele ya nyumba. Akaisoma polepole, akanirudishia.

“Nyumba ya nani?” aliuliza.

Watu wote pale kwenye mifuko walikuwa wanatusikiliza. Nikachukua kalamu tena, nikaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, nikakandamiza mpaka likaonekana upande wa pili.