Maharusi na Babu Yetu Mpendwa

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na ngazi zake zilinuka gundi ya soli mwaka mzima. Watu watano walifanya kazi humo wakiunda vimashine vya kuchapa tepe za maua. Muuza maua anaandika salamu za mteja kwa kubonyeza vitufe, utepe unatokea upande wa pili ukiwa umeshachapwa, naye anaufunga kwenye shada. Wanne kati ya hao watano walikuwa hawajafika miaka thelathini. Wa tano alikuwa Shangazi.

Jina hilo aliletewa na binti wa kaka yake, ambaye siku ya kwanza alimsindikiza mpaka mlangoni akasema, "Huyu ndiye shangazi niliyewaambia." Vijana wakalidaka, na tangu hapo hata bosi hakumwita vinginevyo. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kumi na saba katika chumba kidogo cha hoteli akiwaunganishia wageni simu. Hoteli ilipoung'oa ubao wa simu, na yeye akang'oka nao, akiwa na miaka arobaini na miwili na sauti nzuri isiyo na mwajiri. Binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi kwake akisoma chuoni, alizoea kusahau vitabu vya kompyuta kwenye meza ya jikoni. Shangazi alianza kuvipekua akisubiri chungu kichemke, kisha ikawa chungu kinaungua yeye bado anasoma. Mumewe, kinyozi, alimuuliza kama mambo hayo yanaweza kuingia kichwani mwa mtu mzima. Akamjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinyozi akasema hilo analijua kuliko yeye, maana ndiye anayezifagia kila jioni.

Lugha aliyojifunza ni ile iitwayo C, lugha kongwe inayosema na mashine uso kwa uso, wala haimbembelezi mtu. Ukitaka mahali pa kuweka maneno, unapaomba kwenye lile eneo la kumbukumbu wanaloliita lundo. Unasema nataka baiti kadhaa, kila baiti ikitosha herufi moja, unakatiwa kipande chako. Ukimaliza kazi unakirudisha, apewe mwingine. Ndani ya kipande hicho mna nini siku unayokabidhiwa, lugha haikuambii. Shangazi alikuwa amelisoma hilo mara mbili, na kwenye mtihani wa kuingilia karakana alilijibu vizuri. Lakini kujua na kukumbuka ni ndugu wasiolala nyumba moja.

Jumamosi moja asubuhi, wiki ileile mashine za kwanza zilipouzwa, muuza maua wa mtaa wa pili alipiga simu karakana. Alisema ana mteja dukani ambaye haondoki wala hataki kukaa, na kama kuna mtu anayeijua ile mashine, basi afanye hima. Mteja mwenyewe alikuwa dada wa bwana harusi. Alikuwa amechukua shada saa mbili, na kabla ya saa nne alikuwa amelirudisha, amelishika mbali na mwili kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Alikuwa ameagiza maneno mawili tu: *Hongereni maharusi*. Utepe ulisema: *Hongereni maharusibabu yetu mpendwa*.

Neno lenyewe lilikuwa limepata mahali pake pa kuumiza. Bwana harusi alikuwa na miaka sitini na mmoja, alifiwa na mkewe miaka saba nyuma, na bibi harusi alikuwa na arobaini na minne. Minong'ono juu ya umri ilikuwa imezunguka kwa ndugu tangu siku ya posa. Dada mtu alikuwa na hakika kwamba kuna aliyetia mkono.

Bosi alisema muuza maua amebonyeza vibaya, kwa sababu mashine zote zilijaribiwa kabla ya kutoka na hakuna iliyokosea. Shangazi hakubishana naye. Alichukua mkoba wake, akashuka ngazi.

Alimkuta muuza maua amejibanza nyuma ya ndoo za maua kama anayejikinga mvua, na yule dada amesimama katikati ya duka. Shangazi akasalimia, akaomba kuuona utepe. Aliutandaza mezani, akautazama kwa muda. Kitu kimoja kilimkera: kati ya *maharusi* na *babu* hapakuwa na nafasi. Mtu anayemkejeli mwenzake, akajisemea, angalau huacha nafasi ili kejeli isomeke. Akamuuliza muuza maua asubuhi ile alichapa nini kabla ya harusi.

Muuza maua alikuwa akizitunga karatasi za maagizo kwenye msumari ukutani. Alizichomoa. Chini ya karatasi ya harusi palikuwa na moja tu, ya msiba, iliyochukuliwa mara duka lilipofunguliwa: *Pumzika kwa amani babu yetu mpendwa*.

Shangazi aliomba penseli. Kwenye karatasi ya kufungia maua aliandika maneno ya msiba, kisha chini yake akaandika ya harusi, herufi chini ya herufi, akazihesabu kwa ncha ya penseli. *Hongereni maharusi*, pamoja na nafasi iliyo katikati, ni kumi na nane. Kwenye mstari wa juu, herufi ya kumi na tisa ilikuwa B ya babu.

Programu ile ilikuwa ya mkono wake mwenyewe, na sasa aliiona kama anayeona kitasa alichosahau kukifunga. Msiba ulikuwa umeomba kipande kwenye lundo, ukachapwa, ukakirudisha. Harusi ikaja, ikaomba kipande cha ukubwa uleule, ikapewa kilekile, na maneno ya wafiwa bado yamo. Herufi kumi na nane za furaha zikafunika kumi na nane za huzuni, zilizobaki zikabaki. Katika lugha ile, mashine hujua maneno yameisha inapokuta sufuri, na sufuri hiyo Shangazi hakuiweka. Basi ikasoma ikapitiliza mpaka mwisho wa babu. Karakana hawakuliona hilo kwa sababu wao waliwasha mashine, wakachapa utepe mmoja, wakaizima. Mashine iliyotoka kuwashwa, kumbukumbu yake ni sufuri tupu, na kila kitu huonekana sawa.

Angeweza kusema ni hitilafu ya umeme, na hakuna ambaye angemkatalia. Ila mficha uchi hazai. Alimgeukia yule dada.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeiandikia mashine hii kazi yake. Nilipokea mahali nikaweka maneno yenu bila kupasafisha kwanza. Haya mengine ni ya watu wa msiba, yalibaki ndani."

"Kwa hiyo hakuna aliyemtukana kaka yangu?"

"Hakuna, dada. Hata mmoja."

Yule dada aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema shida ni kwamba kaka yake ameshausoma. Aliusoma, akaingia chumbani, akafunga mlango, na hajatoka. Shangazi akaizima mashine, akaiwasha upya ili kumbukumbu ifutike, akachapa *Hongereni maharusi* kabla ya jambo lingine lolote. Utepe ulitoka safi. Akaufunga kwenye shada kwa mkono wake, ule wa zamani akautia mkobani, wakaenda wote wawili.

Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaopiga pasi na watu wanaotafuta viatu. Dada mtu aligonga mlango, akamwambia kaka yake kuna mama wa mashine. Bwana harusi alifungua akiwa na shati jeupe na soksi, macho mekundu. Shangazi akamwamkia, naye akaitikia marahaba. Kisha Shangazi akamweleza yote, na hakujipunguzia hata tone. Alipomaliza, mzee alifuta macho.

"Nilifunga mlango ili nicheke," alisema. "Ningecheka mbele ya dada yangu, angeninunia mpaka kesho. Nina wajukuu wanne, mama. Wameusoma huo utepe wakaona umeandikwa sawasawa."

Dada mtu alitaka kukasirika, lakini hasira ilikuwa imeshachoka. Kicheko kilimtoka puani kwanza. Wajukuu wakaomba utepe wa zamani, wakaufunga kwenye kiti atakachokalia babu yao. Shangazi alipokuwa anaaga, mzee alimshika mkono.

"Na yule babu wa watu, utepe wake ulitoka salama?"

Shangazi hakuwa amelifikiria hilo, akazirudia tepe za asubuhi kichwani. "Ulitoka salama. Wake ulikuwa wa kwanza."

"Vizuri. Maana sisi tunaweza kuchapa mwingine."

Jumatatu aliiandika upya ile sehemu. Sasa programu iliomba kipande kilichokwisha kujazwa sufuri kila baiti, tena kwa baiti moja zaidi ya herufi, ili sufuri ya mwisho isikose pa kukaa. Akaongeza pia kukagua kama kweli kipande kimetolewa, kwa kuwa lundo nalo huishiwa, na likiishiwa hukupa mkono mtupu bila kusema samahani. Bosi aliuliza kama kufagia huko hakutaipunguzia mashine kasi. Shangazi akapima mbele yake. Tofauti haikutosha hata kupepesa jicho. Akaongeza jaribio jipya: kwanza msiba mrefu, kisha harusi fupi. Vijana wakaliita jaribio la babu, na hakuna mashine iliyoshuka ngazi bila kulipita.

Zikabaki mashine kumi na moja zilizokwishauzwa. Alizifuata moja moja wiki nzima kwa basi na kwa miguu. Wa mwisho, Ijumaa, alikuwa muuza maua mmoja wa mbali, mwenye miwani na maneno machache, aliyezoea kuizima mashine kila baada ya utepe mmoja, na aliyesema haijawahi kukosea na hataki iguswe. Shangazi hakumlazimisha. Alimwomba tu achape salamu yoyote ndefu, na akimaliza, bila kuizima, achape *Asante sana*. Mzee wa maua akachapa *Heri ya siku ya kuzaliwa mama*, akachapa na ya pili. Utepe ukasoma: *Asante sanau ya kuzaliwa mama*. Aliusoma bila miwani, akausoma na miwani, kisha akasogea pembeni akamvutia Shangazi kiti.

Alipomaliza, basi lilikuwa limeondoka, ikabidi atembee hadi kituo cha mbele akiwa amekumbatia fungu la mawaridi alilopewa. Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa barazani anapangusa mikasi yake. Aliyatazama maua, akamtazama mkewe, akauliza ni nani aliyempa.

"Mwanamume mmoja mwenye miwani," alisema Shangazi. "Nipishe kwanza nivue viatu, halafu nitakusimulia."