Ubeti wa Kiswahili cha Mama

Kwa miaka sita niliimba nyuma. Bendi yetu ilikuwa na jina kubwa Kinshasa, nami nilikuwa sauti ya tatu katika kiitikio, mtu wa Lubumbashi anayeimba Kilingala na kuficha Kiswahili chake, maana wenzangu walikicheka. Sikulalamika. Wengi waliitamani hata nafasi ile.

Saudia ilipoanza kufungulia muziki milango, tukaalikwa. Tungefanya mazoezi Jeddah, kisha onyesho Riyadh. Siku ya pili mwenyeji wetu akamwambia kiongozi wa bendi kwamba watazamaji wengi watakuwa Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi kule.

"Hamna hata ubeti mmoja wa Kiswahili?"

Ndipo mwimbaji mkuu, mtu niliyemwogopa tangu siku ya kwanza, akaninyooshea kidole.

"Huyu huongea Kiswahili na mama yake kwenye simu. Nimemsikia."

"Una siku tatu," kiongozi akaniambia.

Niliandika ubeti wa mtu anayerudi kwao, kisha nikaingiwa na wasiwasi kwamba watu wa pwani wangenicheka. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Dereva wetu, Mtanzania, akanipeleka Ghulail, mtaa wa Jeddah, kwenye mkahawa mdogo wanakokutana Waafrika siku ya mapumziko. Akanikalisha na dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa amefanya kazi za ndani Jeddah miaka minane. Nikamwomba anisahihishe, nikamwimbia polepole huku wali ukipoa:

"Mama, minakuya ku nyumba."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Kaka, kwenu ndivyo mnavyosema? Sisi twasema nakuja nyumbani."

"Basi nibadilishe?"

Akaniuliza, "Mamako husemaje?"

"Hivyo hivyo."

"Basi usiguse kitu. Nimeelewa kila neno, na nimemkumbuka mama yangu. Halas, imetosha."

Siku ya onyesho Riyadh ikafika. Tulikubaliana kwamba mwimbaji mkuu angenipisha kwa ubeti mmoja tu, kisha achukue tena wimbo wake. Mbele walisimama wanawake wengi, baadhi wamejitanda bendera ya Kenya juu ya abaya. Nilipofika "ku nyumba" wakapiga vigelegele, na niliporudia wakaimba nami. Nikageuka kumrudishia maiki. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyuma, mahali pangu, anaimba sauti ya tatu na kunipungia mkono niendelee. Nikaendelea mpaka sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, likaingia.

Tuliposhuka jukwaani nilimshika mikono yote miwili, nikamuuliza kwa nini.

"Mimi hakuna aliyenipisha," akasema. "Niligombana na watu miaka mingi ili nifike pale mbele. Sikutaka na wewe upitie hayo."

Tuliporudi Kinshasa, kiongozi alinipa wimbo ule wote, baadaye na mingine miwili. Mwimbaji mkuu alipougua koo na kustaafu, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba nafasi yake nipewe mimi. Yule dada wa Ghulail sikumwona tena, wala sikumuuliza jina, jambo linaloniumiza, maana ningependa kumshukuru kwa kunizuia nisiharibu ubeti wangu.

Mwimbaji mkuu namtembelea kila Jumapili. Siku hizi huongea kwa shida. Hunisikiliza nikiimba, akiwa amefumba macho, na nikikosea pumzi, hugonga meza kwa kijiko ili nianze upya.